Bukavu: Unayo karatasi ya parsele, lakini ni ipi? Maswali ya wakaaji kabla ya kununua na kujenga

Kila mvua inapoanza tena Bukavu mwezi wa Septemba, maswali yale yale yanarudi kwenye ofisi za mitaa na za komine. Nani aliruhusu nyumba ile ijengwe juu ya mfereji? Kwa nini ninaambiwa nibomoe wakati nilishalipa? Karatasi niliyopewa na kiongozi wa avenyu inatosha? Kwa familia nyingi za Ibanda, Kadutu na Bagira, maswali haya yanahusu akiba ya maisha yote: dola zilizokusanywa kwa biashara ndogo, kwa likelemba na kwa msaada wa ndugu walio ng'ambo, zote zikaingia katika kipande kimoja cha ardhi kwenye mteremko.

Mji wenyewe hausaidii. Bukavu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, ulichorwa kwa ajili ya watu wachache kwenye rasi zinazoingia ndani ya ziwa Kivu, huku Kadutu na Bagira zikiwa mitaa ya wafanyakazi Wakongomani. Vita vya tangu mwaka 1996 vilisukuma watu wa Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda na Mwenga kuja kutafuta usalama mjini. Milima haikuongezeka. Watu walipanda juu, kisha wakashuka hadi kando ya mito, kisha wakajenga katikati ya nyumba na nyumba, mpaka sehemu nyingine hata jeneza linapita kwa shida, sembuse gari la kuzima moto.

Gharama yake inajulikana. Mwishoni mwa Desemba 2023 mvua ya usiku iliua watu katika komine ya Ibanda, nyumba zilipoporomoka zikawafunika wenyewe. Huko Funu, ndani ya Kadutu, ardhi inateleza polepole chini ya nyumba za watu, na wataalamu wa vyuo vikuu wamekuwa wakiipima kwa miaka. Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, mafuriko yaliua zaidi ya watu 400. Baada ya kila msiba viongozi wanasema watu walijenga bila ruhusa, na wakaaji wanajibu kwamba walilipa kila mtu aliyekuja na kitabu cha risiti. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli.

Ardhi ni ya nani?

Swali la kwanza ndilo ambalo wanunuzi wengi wanaliruka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali, wala hauwezi kuuzwa. Mtu hapewi ardhi yenyewe. Anapewa haki ya kuitumia, yaani konsesyo. Mkongomani anaweza kupewa konsesyo ya kudumu, ambayo haina mwisho. Mgeni, au kampuni, anapewa ya kawaida, yenye muda.

Kwa hiyo mtu anaposema ameuza parsele, kisheria anachouza ni haki yake na nyumba iliyo juu. Kama hana haki hiyo mikononi, hana cha kuuza, hata kama babu yake alizaliwa pale na amezikwa pale. Jambo hili linauma, hasa kwa familia zilizokuwa na mashamba pembezoni kabla mji haujawafikia, na ugomvi kati ya desturi na sheria haujaisha. Lakini mnunuzi anayetoa dola zake leo anapaswa kujua kwamba siku ya kesi mbele ya hakimu, kitakachoangaliwa kwanza ni karatasi ya serikali.

Karatasi nne ambazo watu wanazichanganya

Karatasi ya kwanza ni acte de vente, mapatano ya kuuziana. Inaandikwa na muuzaji na mnunuzi, mashahidi wanatia saini, mara nyingi kiongozi wa avenyu au wa mtaa anagonga muhuri. Inathibitisha kwamba pesa zilitoka kwa huyu zikaenda kwa yule. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Ya pili ni zile hati za mtaa au komine zinazoonyesha kwamba fulani anakaa kwenye parsele fulani: fiche parcellaire, attestation ya kukaa, na katika mitaa ya zamani livret de logeur iliyoachwa na wazee. Zina maana. Zinasaidia kuonyesha historia ya mahali, na ndizo mlango wa kuanzia kutafuta hati kubwa. Kosa ni kuzigeuza ziwe hati kubwa zenyewe.

Ya tatu ni contrat de location, mkataba kati ya mtu na serikali. Unatolewa kwa muda usiozidi miaka 3, ili mwenye parsele aiendeleze, yaani ajenge. Wapo wanaoupata, wakaufungia sandukuni wakidhani kazi imeisha, miaka ikapita bila kujenga wala kuurudisha ofisini. Hapo wanafungua nafasi kwa mwingine kudai kwamba mahali paliachwa.

Ya nne ndiyo certificat d'enregistrement. Sheria inasema wazi kwamba haki ya kutumia ardhi inathibitishwa na cheti hiki peke yake. Kinatiwa saini na conservateur des titres immobiliers, na kinaandikwa katika kitabu kinachobaki kwenye ofisi yake. Sheria inatoa muda wa miaka 2 wa kukishambulia kama kilipatikana kwa hila au kwa makosa. Baada ya hapo, anayelalamika anabaki na njia ya kudai fidia, lakini parsele yenyewe inakuwa vigumu sana kuirudisha.

Miaka hiyo 2 ingefaa kujulikana na kila mjane na kila yatima wa mji huu. Mtu akifa, ndugu au jirani anaweza kwenda kimya kimya kutafuta cheti kwa jina lake. Familia inaendelea kukaa, inalima mboga nyuma ya nyumba, hakuna anayewasumbua. Mwaka wa tatu ndipo barua ya kuhama inafika.

Kabla ya kutoa dola

Sokoni Bukavu, parsele hupitia kwa komisyonere. Wengine ni watu waaminifu wanaojua mji kuliko ofisi yoyote. Lakini komisyonere analipwa asilimia yake siku ya mauzo, na shida inaanza baada ya siku hiyo. Kazi ya kuchunguza ni ya mnunuzi.

Tuchukue mfano. Baba mmoja anauza nusu ya parsele yake ili apate pesa za hospitali. Anayo hati, anaionyesha, jina ni lake. Mnunuzi anafurahi. Amesahau kuuliza mambo matatu.

La kwanza: mke wake anasemaje? Sheria ya familia inataka wanandoa wote wawili wakubali kabla ya nyumba au ardhi ya kifamilia kuuzwa. Saini ya baba peke yake inaacha mlango wazi, na mama anaweza kwenda mahakamani kesho. Tena tangu marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye shughuli zake za kisheria, kwa hiyo anaweza kununua na kuandikisha parsele kwa jina lake mwenyewe. Bado kuna ofisi ambapo mama anaulizwa mume wake yuko wapi. Ajibu kwa kutaja sheria hiyo.

La pili: hati ile inahusu parsele nzima au sehemu? Kukata parsele vipande viwili ni kazi ya kadastre. Wanakuja kupima, wanaweka mipaka, kila kipande kinapata namba yake. Ukinunua nusu bila kipimo kipya, umenunua mahali ambapo kwenye kitabu cha serikali hapapo.

La tatu, ambalo ni rahisi kuliko yote na linasahauliwa kuliko yote: je, hati ile ni ya kweli, na je, parsele haijawekwa rehani benki au kuuzwa kwa mtu mwingine? Jibu haliko kwenye karatasi anayoshika muuzaji. Liko kwenye kitabu cha conservateur. Mnunuzi aende na namba ya parsele aombe uchunguzi kabla ya kulipa, apewe jibu kwa maandishi. Kuuza parsele ya mtu mwingine, au kuuza moja kwa watu wawili, kunaitwa stellionat, na ni kosa la jinai katika sheria za Kongo. Muuzaji anaweza kufungwa. Lakini kifungo chake hakirudishi dola zilizokwisha kuliwa.

Kama anayeuza ni watoto wa marehemu, tahadhari iwe mara mbili. Mtoto mkubwa hana haki ya kuuza peke yake kwa sababu tu ndiye mkubwa. Warithi wote wanapaswa kukubali, pamoja na wasichana walioolewa mbali na wale waliozaliwa nje ya nyumba lakini marehemu aliwatambua. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe.

Ruhusa ya kujenga: nani anaihitaji?

Jibu fupi: kila anayetaka kuanzisha jengo, kuongeza vyumba, kupandisha ghorofa, au kujenga upya baada ya kubomoa. Msingi wake ni amri ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, ambayo ni ya zamani kuliko uhuru wenyewe, na agizo la waziri la mwaka 2013 linaloeleza jinsi autorisation de bâtir inavyotolewa.

Anayeomba analeta hati ya parsele, mchoro unaoonyesha mahali ilipo, na michoro ya nyumba iliyofanywa na mtu wa fani: msingi, kuta, paa, vyoo na maji machafu yanakoelekea. Ofisi ya urbanisme na habitat inapaswa kutuma watu waone mahali kabla ya kukubali. Ada inapimwa kwa ukubwa wa jengo, na jengo la ghorofa nyingi linaangaliwa na ngazi ya juu kuliko nyumba ndogo ya chini.

Hapo ndipo fundo lilipo. Ili upate ruhusa unahitaji hati. Mwenye karatasi ya mtaa peke yake hawezi kuomba ipasavyo. Hati nayo inachukua muda na pesa, na mvua haingoji. Basi anajenga. Mawe ya kwanza yakionekana, wanafika watu wenye makoti na vitabu: wa komine, wa urbanisme, wa mazingira, wakati mwingine na polisi. Kila mmoja anataka chake. Mwenye nyumba anatoa faranga kidogo hapa, dola 20 pale, wanaondoka, na yeye anabaki akiamini kwamba ameruhusiwa.

Hajaruhusiwa. Amenunua siku chache za amani. Na kusema kweli, aliyechukua pesa zile anajua hivyo kuliko aliyezitoa.

Tofauti kati ya kodi ya kweli na pesa ya mfukoni inaonekana kwa njia ya malipo. Malipo halali kwa serikali yanaanza na karatasi, note de perception, yenye jina lako, sababu ya malipo na kiasi. Pesa zinapelekwa benki au kwenye kaunta iliyotajwa, sio mkononi mwa mtu aliyesimama kwenye kifusi chako. Unabaki na ushahidi wa malipo. Tangu mwaka 2018 kuna amri yenye nguvu ya sheria, namba 18/004 ya tarehe 13 Machi, inayoorodhesha kodi na ada zote ambazo majimbo na komine zinaweza kudai. Ada isiyokuwa kwenye orodha haina msingi. Mkaaji ana haki ya kumuuliza anayedai: hii ni ada gani, na karatasi yake iko wapi? Swali likiulizwa kwa adabu, mbele ya majirani, mara nyingi linafupisha mazungumzo.

Mahali ambapo hakuna karatasi inayosaidia

Kuna ardhi ambayo haitakiwi kujengwa hata kidogo: kingo za ziwa na mito kama Kahuwa na Wesha, miteremko inayoporomoka, juu ya mifereji mikubwa na mabomba ya Regideso, chini ya nyaya za umeme mkubwa, na nafasi ya barabara. Wakaaji wanauliza, na wana haki: ikiwa hairuhusiwi, kwa nini kuna watu wenye hati pale? Malalamiko dhidi ya maofisa wanaokata parsele kwenye bustani za umma, viwanja vya shule na kando ya maji yamekuwa ya kila mwaka katika mji huu, na viongozi wenyewe wameyakiri zaidi ya mara moja.

Hati iliyotolewa kinyume cha sheria inaweza kufutwa. Aliyeinunua kwa moyo safi anabaki akimfuata aliyemuuzia, au serikali iliyotia saini, kwa miaka mingi mahakamani. Kwa hiyo kuona hati nzuri hakutoshi. Twende mahali penyewe, tena siku ya mvua. Tuangalie maji yanapita wapi. Tutazame kama miti imeinama upande mmoja, kama kuta za jirani zina nyufa za mshazari, kama ngazi za udongo zimeshuka. Tuwaulize wazee wa avenyu nyumba iliyokuwa hapo kabla ilienda wapi. Wanajua, na hawatozi ada.

Kubomolewa na kunyang'anywa: vitu viwili tofauti

Alama ya rangi ikichorwa ukutani, swali linakuwa moja: nitalipwa?

Inategemea. Ikiwa serikali inahitaji mahali pako kwa faida ya wote, kwa mfano kupanua barabara, Katiba katika kifungu cha 34 inasema mali binafsi ni takatifu na huwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki inayotolewa kabla. Utaratibu uko kwenye sheria ya tarehe 22 Februari 1977. Uamuzi unatangazwa, mwenye mali anaarifiwa, bei inajadiliwa, na asiporidhika anakwenda mahakamani. Hapo mwenye certificat d'enregistrement anasimama kwa miguu miwili. Mwenye karatasi ya mtaa anaomba huruma.

Ikiwa jengo limesimamishwa bila ruhusa au mahali palipokatazwa, jina lake si kunyang'anywa. Ni kubomolewa kwa jengo lisilo halali, na fidia haitegemewi. Hata hivyo hata aliyekosea ana haki ya kupewa barua, kuambiwa sababu na kupewa muda. Kijana mwenye nyundo na amri ya mdomo hatoshi. Barua ikifika, isichanwe kwa hasira. Ihifadhiwe na tarehe iliyopokelewa iandikwe, kwa sababu muda wa kukata malalamiko unahesabiwa kutoka hapo.

Wapangaji, maji na umeme

Wapangaji wana sheria yao ya tarehe 31 Desemba 2015. Kwa nyumba ya kuishi, garanti haipaswi kupita miezi 3. Wenye nyumba wanaodai zaidi wanajulikana, na wapangaji wanalipa kwa sababu nyumba ni chache. Mkataba uandikwe na upelekwe kwenye ofisi ya habitat ya komine. Ugomvi ukitokea, ofisi hiyo ndiyo inayojaribu kuwapatanisha kwanza kabla ya mahakama. Kutoa mabati au mlango ili mpangaji aondoke, jambo ambalo bado linafanyika, si njia inayokubaliwa na sheria.

Kuhusu maji na umeme, anayenunua nyumba aombe kuona bili ya mwisho ya Regideso na ya SNEL. Deni la mwenye nyumba wa zamani lina tabia ya kubaki kwenye mita, na mpya ndiye anayekatiwa. Aangalie pia kama waya uliopo umeandikishwa au ni wa kujiunganishia. Nyumba za mbao zimebanana Kadutu na Panzi, na waya mmoja uliofungwa ovyo unaweza kuchoma avenyu nzima.

Na taka? Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini bado inapatikana kila duka. Inatupwa kwenye mfereji, mvua inaipeleka ziwani, ziwa linaipeleka kwenye mto Ruzizi, na huko inaziba mitambo ya Ruzizi I, inayotoa umeme kwa mji huu huu. Wafanyakazi wanasimamisha mashine kuzoa chupa na mifuko, na Kadutu inakaa gizani.

Ugomvi upelekwe wapi?

Kiongozi wa avenyu na wa mtaa wanaweza kupatanisha, na mara nyingi wanafanya vizuri. Hawana mamlaka ya kuamua parsele ni ya nani. Mtaa hauna hata hadhi ya kujitegemea kisheria kama ilivyo kwa komine na mji. Polisi pia hawana mamlaka hayo, ingawa vituo vimejaa kesi za parsele zilizogeuzwa kuwa kesi za matusi au uharibifu wa mali ili upande mmoja ulale ndani na kulainika. Kesi ya hati za ardhi inakwenda tribunal de grande instance.

Asiyeweza kumlipa wakili aulize kwenye ofisi ya mawakili ya Bukavu kuhusu msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Aende na nakala za karatasi zote alizonazo, hata zile zilizoliwa na panya: mapatano ya kuuziana, risiti za kodi ya ardhi, bili za zamani, barua zote. Karatasi halisi zibaki nyumbani, au bora zaidi kwa mtu anayeaminika anayekaa mbali na mteremko.

Na kwa yule ambaye leo ana contrat de location iliyobakiza miezi michache, ofisi ya conservateur ndiyo ya kwenda wiki hii, kabla tarehe iliyoandikwa chini ya ukurasa haijapita.